Zimamoto Mlangoni, Moto Hakuna: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili huku Kent, kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington. Wengi ninaowatafsiria wametoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na wengi wao walipitia kambini kabla ya kufika hapa. Maswali haya, kuhusu zimamoto wa huku wanaokuja nyumbani ingawa hakuna moto, huulizwa kanisani baada ya ibada, kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingi zaidi sebuleni, wakati gari jekundu limeshaegeshwa nje na mama mwenye nyumba ananiuliza kwenye simu: "Hawa wametumwa na nani?"

## Mambo ya mwanzo

Zimamoto wanahusikaje na afya yangu?

Kwetu, gari la faya likipita watu hutazama angani kutafuta moshi. Marekani likipita na king'ora, yaelekea linaenda kwa mgonjwa. Karibu theluthi mbili ya simu zinazopokelewa na idara za zimamoto nchini ni za matibabu, na moto wenyewe ni kama simu 4 katika kila 100. Hapa Seattle mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1970 daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery walianzisha Medic One, wakawafunza askari wa zimamoto kumtibu aliyeshikwa na mshtuko wa moyo pale pale alipoanguka badala ya kusubiri afikishwe hospitali.

Sasa, katika simu hizo za matibabu, nyingi si za dharura. Mzee ameteleza na hawezi kuinuka, ingawa hakuumia. Mgonjwa wa sukari ameishiwa dawa na hajui amwone nani. Mtu anaishi peke yake na usiku unamzidi. Zamani zimamoto walikuwa wanamwinua, wanampima presha, wanaondoka, na kesho anapiga tena. Mwaka 2013 jimbo la Washington lilitunga sheria inayoruhusu idara yoyote ya zimamoto kuanzisha huduma ya kuwatafuta watu wa namna hii na kuwaunganisha na daktari wao wa kawaida, dawa za bei nafuu na huduma za ustawi wa jamii. Huduma hiyo ndiyo iliyobisha hodi kwako.

CARES, FDCARES, Health One: ni kitu kimoja?

Ni majina tofauti ya wazo moja. CARES ndilo jina lililomo kwenye sheria ya jimbo. FDCARES ni ya Puget Sound Fire, idara inayohudumia Kent na miji ya jirani. Health One ni ya zimamoto wa jiji la Seattle, ilianza Novemba 2019 katikati ya jiji. Colorado Springs, huko Colorado, wana CARES yao tangu 2012. San Francisco wana timu ya mitaani kwa watu waliozidiwa na msongo au ugonjwa wa akili, iliyoanza Novemba 2020.

Jina linabadilika ukihama mji, na masharti nayo yanabadilika. Ukienda kuishi jimbo jingine usidhani utakuta yale yale.

Anayekuja ni nani?

Inategemea idara. Health One hutuma askari wa zimamoto wawili wenye mafunzo ya huduma ya kwanza pamoja na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kwingine huja nesi, au nesi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Hawaji na lori kubwa la ngazi, huja na gari dogo. Wanavaa sare ya bluu au nyeusi yenye nembo, na hapo ndipo hofu inapoanzia, kwa sababu kwa mbali sare hiyo inafanana na ya polisi. Soma maandishi ya mgongoni. Neno FIRE maana yake zimamoto. Ukitaka, waombe kitambulisho kabla ya kufungua mlango. Hawakasiriki.

Miji michache huchanganya polisi ndani ya timu. Colorado Springs, kwa mfano, wana timu yenye polisi, paramediki (mhudumu wa tiba ya dharura) na mtaalamu wa afya ya akili. Kama jambo hilo linakuhusu, uliza mlangoni: "Kuna polisi kati yenu?" Ni swali halali.

Wakishaingia wanafanya nini hasa?

Acha nisimulie nilichokiona, kwa sababu orodha haitoshi.

Bibi mmoja wa Kikongo alianguka bafuni, mara ya tatu ndani ya mwezi. Nilimkuta amekaa sakafuni kati ya beseni la kuogea na choo, kitenge kiunoni, na amekataa kabisa kuguswa na wanaume. Yule askari mkubwa hakubishana naye. Alipiga goti mlangoni, akanyoosha taulo ndani bila kutazama, akasubiri mwenzake wa kike apande ngazi. Wakamwinua, wakampima, hakuumia, wakaondoka. Kwa miaka mingi mambo yangeishia hapo.

Siku mbili baadaye alikuja nesi wa timu hii. Aliomba aone dawa zote. Mjukuu akaleta mfuko wa plastiki, nesi akazipanga mezani chupa moja moja. Zilikuwa saba. Akazisoma, akarudi kuzisoma, akaweka mbili kando. Zote mbili zilikuwa dawa ile ile ya presha: moja imeandikwa jina la kibiashara, nyingine jina la dawa yenyewe, kila moja na daktari wake. Bibi alikuwa anameza dozi mara mbili kila asubuhi, anasimama, kizunguzungu kinampiga, anaanguka. Nesi alimpigia daktari simu akiwa pale pale mezani. Kisha akaenda bafuni, na wiki iliyofuata ukutani kulikuwa na chuma cha kushikilia, ndani ya beseni kiti cha kuogea, na zulia dogo linaloteleza lilikuwa limeondolewa.

Nawaeleza hili kwa kirefu kwa sababu kazi yao ndiyo hiyo: kutazama nyumba jinsi ilivyo, kitu ambacho daktari wa kliniki hakioni. Mtu aliyefika miaka 65 huku Marekani, zaidi ya mmoja kati ya wanne huanguka kila mwaka, na sababu mara nyingi ni vitu vidogo kama hivi.

Mengine wanayofanya: kukupatia fremu ya kutembelea, kubadilisha betri ya kengele ya moshi, kukusaidia kujaza fomu za Apple Health (bima ya serikali ya jimbo kwa wenye kipato kidogo), kukuunganisha na chakula kinacholetwa nyumbani au usafiri wa kwenda kliniki. Hawatoi pesa taslimu na hawalipi kodi ya nyumba, ila wanajua mlango wa kugonga.

Nitaletewa bili?

Kwa ziara ya FDCARES au Health One, hapana. Ni bure, uwe na bima au usiwe nayo.

Bili zinazowafikia watu wetu hutoka kwingine. Ukipiga 911, namba ya dharura ya huku, na ukapelekwa hospitali na gari la wagonjwa la kampuni binafsi, kampuni hiyo hutoza, na bei inauma. Hospitali nayo hutoza, ingawa sheria ya nchi nzima ya 1986 inailazimu idara ya dharura kukupima na kukutuliza kwanza, uwe na pesa au huna. Kama umepata bili ya namna hii usiitupe. Hospitali nyingi zina msaada kwa wenye kipato kidogo, na timu hizi husaidia kuuomba.

## Namna ya kuwapata

Naweza kuwaita mwenyewe?

Mara nyingi hapana, si moja kwa moja. Njia ya kawaida ni hii: umepiga 911, zimamoto wamefika, wakaona shida yako haihitaji hospitali bali ufuatiliaji, wakaandika jina lako kwa timu. Baada ya hapo utapigiwa simu au watakuja. Kwa hiyo wale wa kwanza wakiwa bado sebuleni, sema waziwazi: "Hii si mara ya kwanza. Tunahitaji mtu arudi atusaidie." Sentensi hiyo moja imefungulia familia nyingi mlango. Watu wetu wana adabu, mgeni akiuliza "mko sawa?" tunajibu "tuko sawa, asante", naye anaandika hivyo hivyo tulivyosema.

Baadhi ya idara hupokea pia majina kutoka kwa daktari au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Tafuta namba ya ofisi ya zimamoto wa mji wako, isiyo ya dharura, uulize.

Nipige 911, 988 au 211?

911 ni pale uhai uko hatarini: kifua kinabana, mtu hapumui vizuri, mdomo umepinda ghafla au mkono umelegea, damu haikomi, moto. Usijiulize mara mbili, na usiwaze bili.

988 ni kwa mtu anayefikiria kujiua au aliyelemewa na mawazo, usiku na mchana. Namba hii fupi ilianza tarehe 16 Julai 2022. 211 ni ya mahitaji ya maisha: chakula, kodi, umeme, pa kulala.

Ukikosea namba hakuna adhabu. Kama huna hakika iwapo ni dharura, piga 911 ueleze. Seattle, baadhi ya simu zisizo za dharura huhamishiwa kwa nesi anayeongea nawe kwenye simu, bila gari kuja.

Sijui Kiingereza. Nitasemaje?

Sema neno moja tu: "Swahili". Kisha usikate simu. Kutakuwa na kimya kidogo, muziki au mlio, halafu mkalimani ataingia. Wengi hukata wakati wa kimya hicho wakidhani wamepuuzwa. Taja kwanza anwani yako kama unaweza, hata kwa Kiingereza cha kuokoteza. Iandike kwa herufi kubwa uibandike karibu na mlango.

Timu ikija nyumbani, unayo haki ya mkalimani bila malipo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na lugha inahesabiwa humo.

Naomba wazazi wanisikilize hapa. Msimtumie mtoto kutafsiri. Nimemkuta binti wa miaka 11 akijaribu kumweleza nesi damu ya mama yake inavyotoka. Alikuwa anaangalia sakafu. Nusu hakuielewa, na nusu aliyoielewa hakupaswa kuibeba. Jambo jingine: mkalimani wa simuni anaweza kuwa mtu wa pwani na wewe ni wa Bukavu. Akitumia neno usilolijua, mwambie alirudie kwa namna nyingine. Usiitikie tu.

## Hofu

Wataniuliza makaratasi?

Hapana. Hawahitaji kujua ulivyoingia nchini ili wakupime presha. Jijini Seattle kuna sheria ya jiji tangu 2003 inayowazuia wafanyakazi wa jiji kuuliza hali ya mtu ya uhamiaji, isipokuwa polisi katika mazingira maalumu, na wale askari wa Health One ni wafanyakazi wa jiji. Watakuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, dawa, daktari na bima.

Najua hofu hii haiishi kwa kusoma aya moja. Waliokimbia nchi ambako mtu mwenye sare akigonga usiku hurudi na mtu, miili yao inakumbuka. Kama unamsaidia jamaa mwenye hofu hiyo, kaa naye siku ya ziara ya kwanza. Usimwambie tu asiogope.

Tutakayosema yatabaki siri?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Taarifa za afya zinalindwa na sheria, hazipelekwi kwa jirani, mwajiri wala mwenye nyumba. Lakini kuna mpaka, na ni bora uujue mapema. Nesi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wanalazimishwa na sheria ya jimbo kutoa taarifa wakiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anateswa au ametelekezwa. Ni hivyo hivyo kwa mzee au mtu mzima asiyejiweza anayeteswa, kutelekezwa au kuibiwa fedha zake.

Basi watanichukulia watoto?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Umaskini si kosa. Watoto kulala watatu chumba kimoja, friji kuwa tupu tarehe 28, hayo huwafanya walete msaada. Kinachowalazimu kutoa taarifa nimekieleza katika jibu lililotangulia.

Naweza kukataa?

Ndiyo. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa ziara, kukataa kupelekwa hospitali, kukubali kupimwa presha na kukataa kuonyesha chumba cha kulala. Unaweza kukubali leo na kesho ukasema basi. Haki hiyo haimfikii aliyezimia au aliyechanganyikiwa kiasi cha kutojua alipo, huyo watamhudumia.

Wataingia na viatu?

Kwenye dharura, ndiyo, na uwasamehe. Kwenye ziara ya kawaida waombe wavue au wavae vifuniko. Mwanamke akitaka kuhudumiwa na mwanamke aseme wakati wa kupanga ziara, haahidiwi kila mara lakini hujaribu. Na ukiwapa chai wakakataa, si dharau, ni taratibu za kazi.

## Hali zisizo za kawaida

Baba yetu anasahau, na hupiga 911 kila siku. Tutashtakiwa?

Mgonjwa si mhalifu. Mtu wa namna hii ndiye sheria ile ya 2013 ilimfikiria, kwani inasema huduma hizi ziwatafute wanaotumia 911 mara kwa mara kwa mambo yasiyo ya dharura. Mara nyingi baba anapiga kwa sababu hakumbuki kama amekula dawa, au kwa sababu saa 9 alasiri nyumba imebaki tupu, kila mtu yuko kazini. Timu inaweza kuleta kisanduku cha dawa chenye siku za wiki, kumwombea uchunguzi wa kumbukumbu, na kutafuta kama anastahili mlezi anayelipwa na jimbo. Mlezi huyo wakati mwingine anaweza kuwa mmoja wenu. Uliza hilo kwa jina la baba, siku ile ile.

Kijana wetu anatumia dawa za kulevya. Tukipiga simu atafungwa?

Akizidisha dozi piga 911 mara moja. Tangu 2010 sheria ya Washington inamlinda anayeomba msaada na aliyezidisha wasishtakiwe kwa kosa la kukutwa na dawa hizo. Haifuti makosa mengine, lakini hili linalowatia watu woga, inalifuta. Seattle wana timu maalumu ya zimamoto kwa waliozidisha dozi, Health 99, tangu Julai 2023. Humfuata mtu baada ya kuzinduka, wakati bado anatetemeka na pengine yuko tayari kuongea. Wekeni nyumbani naloxone, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, ile ya kupuliza puani. Kuficha aibu kumezika vijana wetu.

Umeme ukikatika, tunaweza kuwasha jiko la mkaa ndani?

Kamwe, hata dirisha likiwa wazi, hata kwenye gereji. Nyumba za huku zimezibwa zisipoteze joto, na ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Desemba 2006 dhoruba kubwa ya upepo ilikata umeme eneo hili kwa siku kadhaa, na familia za wahamiaji zilizowasha mkaa au jenereta ndani zikapoteza watu. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Leo sheria ya jimbo inataka nyumba za kupanga ziwe na kengele ya hewa hiyo. Timu ikija, waombe waibonyeze mbele yako usikie inavyolia.

Ndugu yangu yuko Uingereza. Kuna kitu kama hiki huko?

Kipo, na kinaanzia kwenye moto. Zimamoto wa huko kwa miaka mingi walizoea kwenda majumbani kukagua kengele za moshi, na Oktoba 2015 walitia saini makubaliano na mashirika ya afya, serikali za mitaa na shirika la wazee la Age UK ili ziara hizo ziangalie pia kuanguka, nyumba yenye baridi, uvutaji sigara na upweke. Ni bure. Aulize zimamoto wa kaunti yake.

Na nyumbani Afrika Mashariki?

Si kwa zimamoto. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, ni la moto na uokoaji. Anayefanana zaidi na hawa ni mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba akimjua kila mama kwa jina la mtoto wake. Kenya iliwapa vifaa vya kazi wahudumu kama 100,000 mwaka 2023. Ninapomweleza mzee kwamba hawa wa gari jekundu ni kama wahudumu wale, huwa ananielewa papo hapo.

Walisema watarudi, hawajarudi. Nifanyeje?

Hutokea, na linaniuma kila mara kwa sababu mtu aliyeahidiwa mara moja haombi tena. Kwanza angalia simu yako: huenda walipiga kwa namba usiyoijua ukaikata, au kisanduku cha ujumbe hakijawahi kufunguliwa. Pili, waliandika namba ipi? Laini zetu hubadilika kila mwezi. Piga ofisi ya zimamoto, namba isiyo ya dharura, taja anwani na tarehe ile walipokuja, useme unataka kuongea na timu ya ufuatiliaji. Siku ya ziara waombe kadi na uandike jina la aliyekuja nyuma yake. Kama hali imebadilika wakati unasubiri, homa imepanda au mguu umevimba zaidi, acha kusubiri. Namba ni ile ile, 911.